Uliniuzia Kimya

Kama gari lako linapiga mluzi ndani ya spika, na mluzi wenyewe unapanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia, usikubali fundi akuuzie filta. Nasema hivi nikiwa nimeziuza mwenyewe. Nimeziuza Ukunda, nimeziuza Msambweni, na moja kati ya hizo nilizouza bado inanikosesha usingizi.

Leo nataka kusema na watu watatu. Fundi wa redio, ambaye nilikuwa mimi kwa miaka mitatu. Mwenye duka la vifaa. Na wewe mwenye gari. Wewe nitakusema zaidi ya wote, kwa sababu wewe ndiye unayetoa pesa, na anayetoa pesa ndiye anayeamua afanyiwe kazi gani.

Kwanza tuelewane kwa nini huku kwetu kila mtu anafunga redio upya. Magari madogo mengi unayoyaona kati ya Likoni na Lunga Lunga yameshuka bandarini Mombasa yakiwa mitumba kutoka Japani. Kule, FM inaanzia 76, na kwa miaka mingi iliishia 90. Siku hizi wameisogeza hadi 95. Hapa Kenya tunaanzia 87.5 mpaka 108. Kwa hivyo ukinunua Probox au Vitz na redio yake ya kuzaliwa, utazungusha mpaka mwisho na Baraka FM, ambayo iko 95.5, hutaipata. Basi unakuja kwa fundi. Ama akufungie kile kidude cha kushusha masafa, ambacho kina kelele zake chenyewe, ama abadilishe redio nzima. Na dashibodi ikishang'olewa tamaa inaingia: si tuweke na amp? Si tuongeze wufa kwa buti?

Hapo ndipo mluzi unapozaliwa.

Mimi nilikuwa chuo, mwaka wa pili, uhandisi wa umeme. Sikufukuzwa wala sikufeli. Ada ilinishinda, nikarudi Ukunda na begi moja, nikawa nalala mpaka saa nne. Mjomba ndiye aliyenitoa kitandani. Sisi Wadigo mjomba si mtu wa kuchezea. Zamani hata mali ilifuata upande wa mama, na mpwa alirithi kwa mjomba wake. Mjomba wangu hakuwa na minazi wala shamba la kunirithisha. Alikuwa na kibanda cha mabati, meza, mita moja ya zamani yenye waya uliofungwa tepu, na jina zuri. Akaniambia, "Wewe umesoma umeme. Njoo uuone sasa."

Na kweli sikuwa nimewahi kuuona. Darasani tulichora saketi ubaoni, na mahali umeme unaporudi tulichora mistari mitatu mifupi, mmoja chini ya mwingine. Hiyo ndiyo athi. Thamani yake ni sifuri, mwalimu alisema, na sisi tukaandika sifuri. Tukaendelea na hesabu za Kirchhoff tukiwa na imani kamili na ile mistari mitatu.

Ndani ya gari hiyo sifuri haipo. Athi ni waya mweusi uliofungwa kwenye bodi ya chuma, na bodi ya chuma ya Ukunda inakula upepo wa bahari mchana na usiku. Chumvi inaingia chini ya bolti. Kutu inaanza polepole, na wewe huoni kitu. Sasa piga hesabu ndogo tu. Amp inavuta ampea 20. Mahali athi ilipofungwa pana ukinzani wa omu 0.02, kitu kidogo kiasi kwamba mita ya kawaida haikupi jibu la kuaminika. Zidisha: volti 0.4. Ile sifuri ya ubaoni imeshakuwa karibu nusu volti, na muziki wenyewe unaotoka kwenye redio kwenda kwa amp mara nyingi haufiki hata volti mbili.

Redio iko mbele, athi yake iko nyuma ya dashibodi. Amp iko buti, athi yake iko huko. Zikiwa hazilingani, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudia, na njia iliyo karibu ni ganda la waya wa RCA, waya uleule unaobeba muziki. Sasa ongeza alteneta. Alteneta haizai umeme ulionyooka. Inazaa wa kwenda na kurudi, kisha dayodi zilizo ndani yake, kwa kawaida sita, zinaunyoosha ili betri iweze kuupokea. Kunyoosha huko si kamili, vinabaki viwimbi. Injini ikienda mbio, viwimbi vinakuja mbio. Vikipata njia kwenye ule waya wa RCA, amp haina akili ya kujua kwamba huu si wimbo. Inavikuza vilevile inavyokuza taarab. Huo ndio mluzi wako.

Kwa hivyo mluzi ni habari. Unakuambia kuna mahali umeme haurudi vizuri, au kuna kitu kwenye alteneta kinaumwa. Ni kama homa. Na wewe unajua tunavyomwona mtu anayeshusha homa ya mtoto kwa kitambaa cha maji baridi kila usiku, wiki nzima, bila kumpeleka kupimwa malaria.

Mjomba alikuwa na njia yake ya kuutafuta, na alinifundisha kwa kunikataza kushika kitu chochote mpaka nimeuliza. Kwanza, zima simu na uchomoe chaja. Chaja nyingi za bei ya chini zina kelele zake, na nimeona mtu ameng'oa kiti cha nyuma kumbe shida ilikuwa chaja. Pili, zima mfumo, chomoa RCA kwenye amp, washa tena. Mluzi umebaki? Basi uko kwenye amp yenyewe, athi yake au waya wa spika. Umepotea? Unatoka mbele. Tatu, chukua simu inayotumia betri yake, iunganishe moja kwa moja kwenye amp. Ikiimba safi, amp haina kosa. Rudi kwenye redio na nyaya zake. Nne, injini ikiwaka na muziki ukiwa juu, weka mita kati ya athi ya amp na kichwa hasi cha betri. Ukiona zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za volti, umempata mwizi. Tano, geuza mita isome umeme wa kwenda na kurudi, ipime betri injini ikiwaka. Ikipita nusu volti, acha mambo ya redio kabisa. Kuna dayodi imekufa kwenye alteneta.

Na dawa ikishajulikana, mara nyingi ni ya shilingi chache. Piga msasa rangi yote mpaka chuma king'ae. Funga kichwa cha waya kwa bolti na nati, si kwa skrubu ya mbao. Waya wa athi uwe mfupi, na unene wake uwe sawa na ule mwekundu. Usitumie bolti ya mkanda wa usalama, maana ile imewekwa kuokoa roho ya mtu. Ukimaliza kaza, paka grisi juu, kwa sababu hapa kwetu chumvi hairudi nyuma. RCA ipite upande mmoja wa gari na waya mkubwa wa umeme upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale pamoja.

Kazi hiyo yote inaweza kuchukua dakika ishirini. Inaweza pia kuchukua siku mbili. Hapo ndipo tatizo letu lilipo.

Kwa sababu njoo uone mazungumzo ya kibandani. Mteja anakuja na matatu yake, anataka kurudi steji kabla zamu haijampita.

"Fundi, hii kitu inalia."

"Acha niitafute."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui bado."

"Na pesa ngapi?"

"Kutafuta ni mia nane. Nikipata, tutazungumza."

"Mia nane ya kutafuta? Ati kutafuta? Na usipopata?"

Mteja anaondoka. Hatua hamsini mbele kuna fundi mwingine, kijana mwenzangu, ana filta kwenye kabati ya kioo. Mia sita, na kufunga ni bure. Dakika kumi. Mluzi unapungua, au unafichwa. Kama filta ni ile ya kuweka kwenye RCA, ndani yake mna transfoma mbili ndogo tu, na zile za bei rahisi zinakula besi, kwa hivyo mteja anaongeza sauti kufidia. Na yule ambaye hataki hata filta anafuata dawa ya zamani kuliko zote: anafungulia muziki mpaka mluzi usisikike. Kila mtu aliyepanda matatu kutoka Likoni kwenda Ukunda asubuhi anaijua dawa hiyo kwa masikio yake. Tunazo kanuni za kitaifa za kelele tangu mwaka 2009, na ni sawa ziwepo, lakini kanuni inakutana na kelele ikiwa imeshafika dirishani. Baadhi ya kelele hizo zilianzia kwenye bolti moja yenye kutu.

Mjomba alipoteza wateja hivyo, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nilikuwa na njaa, na niliona yeye ni mjinga. Siku alizokwenda hospitali kwa ajili ya sukari yake aliniachia kibanda. Ndizo siku nilizoleta filta zangu kwenye mfuko.

Alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa samaki. Probox. Alikuwa akienda Shimoni alfajiri, anapakia, anakuja kuuza kwenye hoteli za Diani. Redio yake ilikuwa inapiga mluzi kwa wiki moja. Akasema jambo ambalo mjomba angelisikia: "Na taa za gari naona kama zimepunguza nguvu." Mimi sikulisikia. Niliona mia sita. Nilifunga filta kwenye waya wa umeme wa redio, mluzi ukafifia, mama akafurahi, akaniongezea hamsini ya soda.

Baada ya siku tisa gari lake lilizima karibu na daraja la Ramisi, giza bado halijatoka, nyuma kuna samaki wa watu watatu. Dayodi ilikuwa imekufa. Alteneta ilikuwa inachaji nusu nusu, taa zinakula, amp inakula, betri ikaisha. Ilikuwa kaskazi, jua la kaskazi mnalijua. Mpaka alipopata gari la kumvuta, barafu ilikuwa maji. Hoteli ikakataa mzigo, na sikulaumu hoteli. Alipoteza elfu kumi na nne kwa asubuhi moja, na sehemu ya pesa hizo ilikuwa ya wavuvi waliompa kwa mkopo.

Alikuja kibandani. Nilijitayarisha kutukanwa. Hakunitukana. Alisimama pale kwenye jua na leso yake begani akasema, "Gari yangu ilikuwa inaniambia, mwanangu. Wewe uliniuzia kimya."

Mjomba alikuwa amekaa nyuma yangu. Hakusema neno. Alitafuta alteneta ya mtumba, akaifunga kwa pesa yake, elfu sita na mia tano, na mama hakuruhusiwa kulipa hata senti. Jioni aliniambia tu, "Zile pesa utanilipa." Nilimlipa kwa miezi mitano.

Sasa nirudi kwenu watatu.

Fundi, rafiki yangu, najua unavyoishi. Kodi ya kibanda ipo, kanjo yupo, mtoto ana homa. Lakini ukishafunga kitu kinachoficha ugonjwa na ukamwambia mtu amepona, hiyo si ufundi tena. Angalau mwambie. Mwambie, "Mama, hii inapunguza sauti, haitibu, nenda kapime alteneta." Sentensi moja tu, haina gharama, na mimi sikuisema.

Mwenye duka, wewe una dhambi yako ya pekee. Unauza waya mnene mwekundu unaoandikwa ni shaba, kumbe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini inapitisha umeme kama asilimia sitini hivi ya shaba ya unene uleule, na kwenye chumvi yetu inaliwa haraka. Ukikwangua uzi mmoja kwa kisu unaona mweupe ndani. Iuze, lakini iuze kwa jina lake. Fundi anafunga waya huo kwa nia njema, na miezi sita baadaye mluzi unarudi na lawama zinamwangukia yeye.

Na wewe mwenye gari. Wewe unalipia kitu cha kushika mkononi. Filta unaiona, ina boksi, ina rangi, basi mia sita inatoka bila maneno. Lakini mtu akitumia saa nzima amelala chini ya dashibodi yako na mita, akatoka na kusema, "Ni bolti hii, nimeisugua," unamwambia, "Bolti tu? Na unataka mia nane?" Hujui kwamba hukulipia bolti. Ulilipia kujua ni bolti ipi.

Najua jibu lako. Utasema fundi atakaa saa tatu makusudi ili ale pesa yangu. Wapo, na nimewaona. Kwa hivyo mpatane mwanzo: bei ya kutafuta ni hii, hata ikichukua siku mbili haiongezeki, na ukipata unionyeshe kwa mita, kabla na baada. Fundi mwongo haipendi mita. Utasema pia maskini hana pesa ya kutafuta. Mimi nimeshika hesabu ya maskini mkononi. Mia sita ya filta, hamsini ya soda, elfu kumi na nne ya samaki, elfu sita na mia tano ya alteneta. Kutafuta kungekuwa mia nane, na siku ileile mama angejua alteneta inakufa. Asiye na pesa ndiye hawezi kumudu kubahatisha.

Ugonjwa huu si wa magari peke yake, na nisijifanye nimetoka kwenye kibanda nikaingia peponi. Siku hizi naandika. Wahariri wengi wananilipa kwa idadi ya maneno. Hakuna aliyewahi kunilipa kwa siku niliyozunguka nikiuliza, au simu nilizopiga nikagundua kwamba nilichotaka kuandika si kweli. Siku hiyo ni hasara yangu. Kwa hivyo ninajua vizuri sana jinsi mtu anavyoanza kuuza filta: si kwa ubaya wa moyo, ni kwa sababu kutafuta hakuna anayekununua.

Mjomba amefariki sasa. Kibanda kimechukuliwa na mtu anayetengeneza simu. Mita ndiyo niliyorithi, na ile tepu kwenye waya wake bado ipo. Mwezi uliopita kijana wa bodaboda aliyenunua tuk-tuk alinijia nyumbani, spika zinalia. Nilimwambia kutafuta ni mia nane. Akacheka, akaondoka, nikarudi kwenye kompyuta yangu.

Saa moja baadaye nikamsikia amerudi. Hakuzima injini. Alisimama mlangoni, mluzi unapanda na kushuka nyuma yake, akasema, "Haya, tafuta. Lakini nitakaa hapa nikuangalie."

Nikamwambia akae. Nikamwonyesha mahali pa kushika waya mwekundu wa mita.